Sura ya Tano: Pete Zilizogoma Kufunga

Fundi wa majokofu alilizunguka jokofu kubwa mara mbili, akalipiga kofi la upole ubavuni kama mtu anayempongeza ng'ombe mtiifu, kisha akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Afande, huyu hana ugonjwa," alisema. "Mota nzima, gesi imejaa, nyaya safi. Jana nilipofika nilimkuta ananguruma vizuri tu. Niliitwa kuja kumtibu mzima."

"Lakini jana asubuhi lilikuwa limezimika," alisema Inspekta.

"Kuzimika na kuharibika ni vitu viwili, mama. Hata mimi nikilala huwa nimezimika."

Sajini aliyesimama mlangoni alicheka. Inspekta hakucheka. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mrefu, mwenye mazoea ya kusema "taratibu" kila alipoharakishwa, hata wenzake kituoni wakampa jina hilo: Afande Taratibu. Mkononi alikuwa na daftari lake, na ndani yake neno moja aliloliandika jana na kulipigia mstari: *ajali*.

Ndivyo walivyosema wote. Jana, Jumatatu, saa saba na nusu mchana, mtunza stoo wa maabara hii alikutwa amekufa ndani ya chumba cha baridi, hatua kumi tu kutoka hapo waliposimama. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Watu walimwita Mzee Sahani, maana kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kutunza sahani. Hazikuwa sahani za kulia chakula. Ni vibao vya plastiki vyenye vishimo vidogo mia tatu themanini na vinne, na kila kishimo kimebeba tone la kitu ambacho siku moja huenda kikawa dawa.

Sahani zilikaa kwenye jokofu. Jana asubuhi jokofu lilikutwa limezimika, sahani zikahamishiwa chumba cha baridi, na ili zisiyeyuke yakawekwa maboksi manne ya barafu kavu. Barafu hiyo haiachi maji. Hugeuka hewa nzito isiyo na rangi wala harufu, ikatuama sakafuni kama maji kwenye beseni. Mzee Sahani aliingia akainama kuhesabu sahani za rafu ya chini, na hakuinuka tena.

Ajali, basi. Profesa, mkuu wa maabara, alisema ajali, mkemia alisema ajali, hata dada wa mapokezi alisema ajali. Walilisema kwa sauti moja, na haraka mno. Ndiyo maana Inspekta alirudi leo asubuhi kabla hata ya chai.

"Jokofu lenyewe lina kumbukumbu?" aliuliza.

"Lina kinasa joto. Kina betri yake, hakilali." Fundi alifungua kifuniko kidogo nyuma, akabonyeza, na kwenye kioo kidogo ukatokea mstari. Alisogeza miwani. "Haya. Jumapili, saa tisa na dakika kumi alasiri, joto linaanza kupanda. Linapanda usiku kucha. Halafu jana, saa saba na dakika ishirini mchana, linaanza kushuka."

"Lenyewe?"

"Jokofu halijiwashi, afande. Umeme ulirudi."

"Umeme wa jengo ulikatika?"

"Haukukatika. Ungekatika, kila kitu kingezimika. Ni laini hii peke yake. Mtu alizima swichi Jumapili, na mtu akaiwasha jana."

Inspekta aliandika: *saa 7:20*. Chini yake akaandika: *saa 7:30, maiti inaonekana*. Alizitazama saa hizo mbili kwa muda.

"Swichi ziko wapi?"

"Juu, kwenye kabati la ukutani, kando ya mlango wa Profesa. Funguo ni mbili. Mmoja huu hapa. Mwingine anao Profesa."

"Na wewe jana saa saba na dakika ishirini ulikuwa wapi?"

Fundi hakukasirika. "Ndani ya friji la nyama, buchani, upande wa pili wa mji. Mwenye bucha alinisainia karatasi. Hapa niliingia saa nane kasoro dakika mbili, daftari la getini litakuonyesha."

Sajini alikuwa ameshaliona daftari. Aliitikia kwa kichwa.

"Haya," alisema Inspekta. "Sajini, chukua ufunguo wa fundi. Panda juu, zima swichi ya jokofu hili, hesabu mpaka mia mbili, washa. Usiguse nyingine."

Sajini akapanda. Inspekta na fundi wakangoja. Baada ya dakika moja jokofu lilikohoa, likanyamaza. Inspekta alibaki ameinamisha kichwa, kama mtu aliyeitwa kwa mbali. Palikuwa na kimya cha jokofu, na palikuwa na kimya kingine nyuma yake. Alikwenda hadi mlango wa chumba cha baridi, akauvuta. Feni ya juu ilikuwa inamalizia mzunguko wake wa mwisho. Ukutani, kengele ya hewa, ile inayotakiwa kupiga kelele hewa ikichafuka, ilikuwa imezima taa yake ya kijani.

Aligeuka. Fundi alikuwa amevua kofia.

"Ni mimi," alisema fundi kwa sauti ya chini. "Nimeunganisha mimi mwenyewe, miaka mitatu iliyopita. Kengele ilitakiwa iwe na laini yake. Niliambiwa tumia iliyopo, nikatumia iliyopo. Nilijua si vizuri. Niliandika kwenye kibandiko pale juu, kwenye swichi: jokofu, feni, kengele. Nikajiambia, nikiandika nimemaliza wajibu wangu."

"Kibandiko kinasomeka?"

"Kwa herufi kubwa, afande. Nyekundu."

Sajini aliporudi alikuwa amebeba karatasi nyingine, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeokota kitu. Ilikuwa orodha ya kadi zilizofungua mlango wa chumba cha baridi. Kadi ya mwisho kabla ya maiti kuonekana ilisoma saa saba na dakika nne. Ilikuwa ya mkemia.

"Na jana alituambia alikuwa juu tangu saa sita," alisema Sajini. "Ndiye huyo, afande. Barafu aliagiza yeye, akaiweka yeye, na kadi ni yake."

"Taratibu," alisema Inspekta.

Mkemia alikuwa kwenye chumba kidogo cha mikutano, peke yake, mbele ya glasi ya maji ambayo hakuigusa. Alikuwa na miaka kama thelathini, macho yamevimba kwa kulia. Maabara nzima walimwita Shanga, kwa kuwa molekuli zake alizitengeneza juu ya punje ndogo za plastiki, ndogo kuliko ufuta, alizoziita shanga. Hakungoja swali.

"Mimi ndiye niliyemuua. Andika tu."

"Nitaandika. Kwanza niambie kadi yako ilifikaje mlangoni saa saba na dakika nne."

Shanga alipepesa macho, kama hilo hakulitegemea. "Nilimwazima yeye. Kadi yake ilifungwa tangu Alhamisi. Azime, aingie, ahesabu, arudishe. Ni kosa, najua. Jana sikusema kwa sababu niliona aibu. Mtu amekufa, na mimi naogopa kuulizwa habari za kadi."

"Ulimkutaje bila kadi?"

"Nilichukua ya akiba mapokezi. Alichelewa kurudi, nikamfuata."

Inspekta alimtazama Sajini. Sajini alitoka kwenda mapokezi, akarudi baada ya muda mfupi, akaitikia kwa kichwa bila furaha.

"Nani aliifunga kadi yake?"

"Profesa. Alisema Mzee anaingia kusikomhusu."

"Kusikomhusu wapi?"

Shanga alisogeza glasi ya maji kando. Inspekta alivuta kiti karibu.

"Nieleze hizi sahani mnazoziita maktaba, kama unavyomweleza mama yako. Sajini wangu hapa jana alikuwa anatafuta vitabu."

Kwa mara ya kwanza msichana alikaribia kutabasamu. "Mama naye alidhani hivyo. Alinambia, umesoma miaka yote hiyo ukawe karani wa vitabu?" Alifuta pua. "Mwili unajengwa kwa vipande vidogo, aina ishirini. Ukiunga vichache unapata mnyororo mfupi, peptidi. Vipande vitano tu, kwa aina hizo ishirini, unapata minyororo zaidi ya milioni tatu, kila mmoja tofauti. Unaikusanya, hiyo ndiyo maktaba. Halafu unaijaribu mmoja mmoja juu ya ugonjwa, kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli."

"Milioni tatu hazitoshi?"

"Ni nyingi lakini ni ndugu wa tumbo moja. Zinafanana. Na tumbo la mgonjwa linazijua, linazitafuna kama nyama kabla hazijafanya kazi. Kwa hiyo mimi natengeneza vipande ambavyo mwilini havimo. Vingine nimevigeuza, cha kulia kikawa kushoto. Vingine nimeviongezea mkia. Halafu nachukua mnyororo, naunga kichwa chake na mkia wake, unakuwa pete. Pete haina ncha ya kung'atwa. Sahani thelathini za kwanza ni za kawaida. Kuanzia ya thelathini na moja mpaka ya arobaini na sita ndizo pete. Vishimo elfu sita na zaidi. Kuna vijidudu hospitalini sasa hivi dawa zote zimeshindwa. Tulisema kwenye pete hizi tutapata ya kuviweza."

Inspekta alitoa kwenye bahasha daftari lenye jalada jekundu, lililokutwa mfukoni mwa koti la Mzee Sahani. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na namba, 31 mpaka 46, kwa mwandiko wa kusimama wima. Mbele ya kila namba palikuwa na maneno yale yale: *18 bado ipo*.

"Sisi tulidhani tarehe," alisema. "Au rafu."

Shanga alisoma mstari wa kwanza, wa pili, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Alizipima," alisema nyuma ya mkono. "Zote. Yaa Rabi, alizipima zote."

"Kumi na nane ni nini?"

"Ni maji. Kichwa na mkia vikiungana, molekuli moja ya maji inatoka. Uzito wake kumi na nane. Kwa hiyo pete lazima iwe nyepesi kuliko mnyororo, kwa kumi na nane kamili. Ukiiweka kwenye mashine ya uzito, na kumi na nane bado ipo..."

"Pete haikufunga."

"Haikufunga."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. Ilikaa juu ya karatasi muda mrefu kiasi kwamba Sajini aligeuza shingo kumtazama.

Wiki mbili zilizopita, asubuhi ya Jumanne, alikuwa kaunta ya kituo akisaini ratiba ya zamu. Mzee mmoja aliyefunga vifungo vya shati mpaka shingoni alikuja akasimama mbele yake, daftari jekundu kifuani. Alisema, "Afande, nimekuja kutoa taarifa. Kuna kumi na nane ilitakiwa itoke, na haijatoka." Yeye, bila kuinua macho, akauliza, "Kumi na nane za nini, mzee? Mbuzi?" Askari wote kaunta wakaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka. Mzee naye akacheka kidogo, kwa adabu. Alijaribu tena kueleza, kitu cha maji, kitu cha pete, na Inspekta akamwambia, "Andika vizuri, mzee, halafu ulete." Mzee akasema ahsante, akaondoka. Jana alipofika hapa maiti ilikwisha kufunikwa. Hakuinua shuka. Alimwachia daktari.

"Afande?" alisema Sajini.

"Endelea," Inspekta alimwambia Shanga. "Wewe ulijua lini?"

Shanga alikunjua vidole vyake mezani, akavikunja. "Miezi minne. Nilipima sahani moja, ikagoma. Profesa akasema mashine ndiyo mbovu. Nikataka sana mashine iwe mbovu. Sikupima nyingine. Naye akasimama kwenye ukumbi mkubwa, mbele ya watu wa nchi sita, akasema zote zimefunga, na mimi nilikaa mstari wa pili nikapiga makofi. Mzee alinishangilia siku hiyo kama baba. Halafu akaniomba nimfundishe ile mashine, apate la kufanya stoo ikiwa kimya. Nikamfundisha. Huko kwenye mashine ndiko Profesa alikosema hakumhusu."

"Nani mwingine angezipima?"

"Wakaguzi. Wanakuja kesho kuchukua sampuli. Wanazitaka hizo kumi na sita."

"Na zingeyeyuka?"

"Zikiyeyuka zikakaa hivyo siku mbili, hakuna mkaguzi angezigusa. Tungeandika zimeharibika, tukatengeneza upya." Alikuwa anajibu haraka sasa, na ghafla akasita, kama mtu aliyesikia alichokuwa anakisema.

"Jana asubuhi ulipoona jokofu limezimika ulifanya nini?"

"Nilimpigia simu Profesa. Hakutaka nijisumbue. Alisema ziache, fundi atakuja. Nikasema hapana, naagiza barafu kavu, nitaziweka chumba cha baridi. Nikamuuliza, chumba ni kidogo, hewa je? Akasema, feni ipo, endelea."

"Maneno hayo hayo?"

"Feni ipo, endelea. Na mimi sikuinua hata macho kuitazama. Nilikuwa na haraka ya kuokoa kitu nilichojua ni uongo." Machozi yakamwagika tena. "Nimemuua mimi, afande."

"Utaandika yote haya, na utasaini," alisema Inspekta. "Lakini hilo la mwisho usiliandike. Andika ulichofanya. Kuliita jina ni kazi ya wengine."

Ofisi ya Profesa ilikuwa ghorofa ya juu. Nje ya mlango, kwenye kabati la ukutani, herufi nyekundu za fundi zilisomeka hata bila miwani: JOKOFU, FENI, KENGELE. Inspekta alizipiga picha kabla ya kubisha hodi.

Profesa alisimama kumpokea, mtu mpole wa miaka sitini na ushei, mwenye sauti ya kubembeleza. Aliwapa viti. Alisema usiku hakupata usingizi, na usoni ilionekana ni kweli.

"Jana kuanzia saa sita ulikuwa wapi, Profesa?"

"Hapa hapa. Nilikula mezani. Nikasikia kelele za huyu binti kama saa saba na nusu, nikashuka mbio."

"Kabla ya kelele hukushuka?"

"Ningeshuka kufanya nini?"

"Jumapili ulikuja kazini?"

"Kidogo. Huwa nakuja."

"Saa tisa ulikuwepo?"

"Labda. Sikumbuki saa."

"Jokofu linakumbuka," alisema Inspekta. "Lilizimwa saa tisa na dakika kumi. Na jana likawashwa saa saba na dakika ishirini."

Profesa aligeuza kalamu yake mezani, akaigeuza tena. "Basi ni fundi."

"Fundi alipita getini karibu saa nane. Ufunguo mwingine unao wewe. Uko wapi?"

Mkono wa Profesa ulipanda wenyewe mpaka mfuko wa shati, ukakaa pale. Ufunguo hakuutoa. Nje, mtu alipita koridoni akisukuma kitoroli chenye gurudumu linalolia, na wote watatu walingoja mpaka sauti ikapotea.

"Sitakuficha kinachonisumbua," alisema Inspekta. "Kuzima jokofu nakuelewa. Ulitaka sahani zife kabla ya wakaguzi. Kumwambia binti feni ipo, labda neno lilikuponyoka."

"Liliniponyoka," alisema Profesa upesi. "Nakuapia. Niliweka simu chini, na hapo hapo nikakumbuka kile kibandiko. Nikainuka niwashe swichi. Nikafika mlangoni. Nikiwasha, wangejua kuwa ni swichi. Nikasema nitashuka nibuni sababu ya kuwatoa mle. Saa tatu nikasema nitashuka. Saa nne. Simu zikawa zinaingia. Kila simu niliishukuru."

"Saa saba na dakika ishirini."

"Nilishuka kweli. Nakuambia nilishuka ili niwaambie wasiingie."

"Ukaona nini?"

Profesa alijibu akiitazama meza. "Mlango una kioo kidogo. Nikachungulia. Nikaona soli za viatu."

"Ukafungua?"

"Hapana."

"Ulikuwa na kadi?"

"Shingoni."

"Ukaita mtu?"

"Nilipanda kuwasha feni. Nilifikiri, feni ikizunguka, hewa itaingia."

"Mlango ungeingiza hewa zaidi."

"Ndiyo," alisema Profesa.

"Kisha ukaketi hapa ungoje mwingine amwone. Dakika kumi."

"Alikuwa ameshakufa. Si ndiyo? Daktari wenu amesema nini? Alikuwa ameshakufa?"

"Daktari hawezi kuapa. Na wewe huwezi. Hukumgusa."

Profesa alifunika uso kwa mikono miwili. Sauti yake ilitoka kati ya vidole. "Pete zingefunga, afande. Nilijua kosa liko wapi. Nilihitaji miezi sita tu."

"Naye alihitaji mlango tu," alisema Inspekta. "Sajini, msomee haki zake."

Alitoka kabla Sajini hajamaliza. Ngazini alisimama, akashika ukingo wa chuma kwa mikono miwili. Sajini alipomshusha Profesa hadi kwenye gari na kumkabidhi kwa askari wawili, alimrudia bosi wake akiwa amechangamka.

"Siku moja, afande! Ajali imegeuka kesi kwa siku moja."

Inspekta akamwambia habari ya Jumanne ile, kaunta, daftari jekundu, na kicheko. Hakuipamba. Sajini alisikiliza mpaka mwisho, uchangamfu wote ukamtoka.

"Hakuna anayejua kuwa alikuwa yeye," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Hakuandikwa kwenye kitabu cha matukio."

"Ndiyo, hakuandikwa. Hilo ndilo kosa lenyewe." Akamkabidhi faili. "Kuanzia sasa kesi ni yako. Mimi ni shahidi. Ningemsikiliza mzee yule siku ile, sahani zile zingepimwa mchana kweupe na Profesa asingekuwa na cha kuzima. Nipeleke kwa mke wake."

Mjane aliishi kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la nguo. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, aliyeketi kitandani akikunja mashati ya mumewe na kuyapanga juu ya kiti, la juu limefungwa vifungo mpaka shingoni. Binti yake aliwakaribisha, akamwachia Inspekta kigoda, akatoka kwenda kuongea na Sajini uani.

Inspekta alitoa pole. Akaeleza kilichotokea, kwa mpangilio: swichi, feni, kioo cha mlango. Mjane hakulia. Aliuliza swali moja tu, kama mumewe aliumia, na Inspekta akamjibu kuwa daktari anasema hewa ile humlevya mtu haraka, akazimia asijue.

"Kuna jingine, mama. Wiki mbili zilizopita alikuja kituoni kutoa taarifa."

"Najua," alisema mjane, na uso wake ukalainika. "Alirudi akanisimulia. Alisema alimkuta afande mwanamke, mrefu, mtu mwenye heshima zake. Akampa kiti. Akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia aandike vizuri alete. Alianza kuandika usiku ule ule. Kumbe ni wewe. Nilitaka siku moja nikushukuru, mdogo wangu. Alilala usingizi mzuri siku ile."

Inspekta angeweza kunyamaza. Mjane alikuwa ameshika shati lingine, analinyoosha kola kwa dole gumba.

"Sikumpa kiti, mama," alisema. "Alisimama. Sikumsikiliza. Nilimfanyia mzaha nikamuuliza kama ni mbuzi, askari wakacheka, na nikamwondoa. Taarifa yake sikuiandika popote."

Dole gumba la mjane likatulia juu ya kola.

"Alisimama muda gani?"

"Dakika tatu. Labda nne."

"Na goti lile linalomuuma," alisema mjane, si kwa Inspekta. Aliliweka shati chini bila kulikunja. Uani binti yake alikuwa anamweleza Sajini kitu, taratibu, na maneno hayakufika ndani. "Yaani alinidanganya. Miaka thelathini na moja hajawahi kunidanganya, na hilo akalidanganya ili nisimwonee huruma."

"Nitaandika kwenye maelezo yangu. Yatakwenda mahakamani pamoja na mengine."

"Andika sasa. Hapa. Nikiona."

Inspekta alitoa karatasi, akaiweka juu ya goti, akaandika. Aliandika tarehe, saa, jina la kituo, maneno ya mzee kama alivyoyakumbuka, na kwamba hakupewa kiti, hakusikilizwa, taarifa yake haikupokewa. Akasaini, akampa. Mjane alisoma polepole, kidole kikipita chini ya kila neno. Alifika mwisho, akarudi juu, akasoma tena.

"Umeniambia walicheka," alisema. "Hapa silioni."

Inspekta aliipokea karatasi. Juu ya sahihi yake ilikuwa imebaki nafasi ya mstari mmoja. Aliikaza juu ya goti, akaandika neno moja, akairudisha kwa mjane asome.

*Tulicheka.*